Majeruhi wa treni mlangoni: mwongozo kwa zamu ya dharura ya hospitali ya wilaya

Maswali ni yale yale kila zamu mpya inapoanza. Toniketi (mkanda wa kubana kiungo ili damu ikome) ikae muda gani? Mguu uliokatika uwekwe wapi? PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) itangulie au matibabu yatangulie? Dripu zipite haraka au polepole? Ndugu waruhusiwe kuingia mochwari? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa daktari wa zamu, tabibu na muuguzi walio kwenye hospitali ya wilaya au kituo cha afya kando ya Reli ya Kati, reli ya Tanga au reli ya kisasa ya SGR, mahali ambapo mashine ya CT (ya picha za ndani ya mwili) haipo na bingwa wa mifupa yuko mkoani.

Shika hili kabla ya mengine: kwa majeruhi wa treni, jeraha linalovuta macho ya watu wote kwa kawaida silo litakalomuua kwanza. Mguu uliosagwa na gurudumu hukusanya wafanyakazi sita upande mmoja wa kitanda, na hakuna aliyesikiliza kifua. Zuia damu ya mguu kwa dakika moja, uufunike, kisha umwangalie mtu mzima kuanzia kichwani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku yenyewe

Tenga sanduku moja, liandikwe, lifungwe kwa kamba inayokatika, likaguliwe kila mwezi:

- Toniketi zisizopungua 6. Mtu mmoja aliyepitiwa na magurudumu huweza kuhitaji tatu. Kama za kiwandani hazipo, andaa vitambaa imara vya upana wa sm 4 hadi 5, kila kimoja na kijiti kigumu cha kukazia. Mpira wa dripu na kamba ya katani havifai: hukata ngozi, huumiza neva, na mara nyingi hubana vena tu huku ateri ikiendelea kumwaga.
- Kalamu ya wino usiofutika.
- Mashuka mawili imara au khanga za kufungia nyonga.
- Kanula nene (14G na 16G) na sindano ya kuingilia mfupani.
- Salaini ya 0.9% chupa 20, seti za damu, na chupa za kuchukulia sampuli ya makundi ya damu.
- TXA (asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu) angalau g 4, kalsiamu glukoneti ya 10% vichupa 10, insulini ya kawaida, glukosi ya 50%, salbutamoli ya kupumulia.
- Ketamini na morfini.
- Mipira ya kifua namba 28 hadi 32, pamoja na chupa zake.
- Gozi nyingi, bandeji pana, mikasi ya kukatia nguo, mablanketi.
- Kadi za rangi nne, vibandiko vya namba, mifuko ya kuhifadhia maiti.

Ukutani kuwe na namba za simu za chumba cha kuongozea treni, stesheni ya karibu, polisi, Zimamoto (114), benki ya damu ya kanda na hospitali ya rufaa. Kuwe pia na orodha ya wachangia damu walio tayari kuitwa usiku. Orodha hii huokoa watu wengi kuliko kifaa chochote kilichotajwa hapo juu, na ndiyo huwa imepitwa na wakati kila inapohitajika.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Pokea taarifa kwa maswali matano. Ajali iko wapi hasa (stesheni gani na gani, kilomita ya ngapi)? Watu wangapi? Kuna aliyebanwa? Treni imebeba nini: abiria, mafuta, kemikali, saruji? Njia imefungwa pande zote mbili?

Swali la mwisho linawahusu watumishi wako. Usiruhusu gari la wagonjwa lipeleke watu kwenye tuta la reli mpaka chumba cha kuongozea treni kithibitishe kwamba treni za pande zote zimesimamishwa. Treni haisimami kama basi. Dereva akikuona ndipo afunge breki, amechelewa. Kwenye SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma kuna nyaya za umeme za kV 25 juu ya njia. Umeme huo huruka hewani, si lazima mtu aguse waya. Kaa umbali wa mita 3 au zaidi kutoka kwenye waya ulio juu, na mbali zaidi na ulioanguka, mpaka uambiwe rasmi kwamba umeme umekatwa na waya umeunganishwa na ardhi.

2. Weka mlango mmoja wa kuingilia na upange watu kwa rangi. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Hakuna hospitali ya wilaya yenye vitanda vya tukio la namna hiyo. Kinachowezekana ni kujua nani anaanza: nyekundu hutibiwa kwanza, kisha njano, kijani mwisho; nyeusi ni asiyepumua.

Mpangaji awe mmoja, mwenye uzoefu, na asitibu. Anachofanya kwa kila mtu hakizidi dakika moja:

- Anayetembea: kijani. Mpeleke sehemu nyingine kabisa, hata chini ya mwembe, mradi awepo muuguzi mmoja wa kumwangalia.
- Hapumui: fungua njia ya hewa. Akianza kupumua, nyekundu. Asipoanza, nyeusi.
- Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika: nyekundu.
- Hana mapigo kwenye kifundo cha mkono, au ukibonyeza ukucha damu hurudi baada ya zaidi ya sekunde 2: nyekundu.
- Hafuati agizo rahisi kama "fumba mkono": nyekundu.
- Waliobaki: njano.

Kosa la kawaida hapa ni kumpa nyekundu kila aliyekatika kiungo. Mtu aliyekatika kiganja, damu imezuiwa, anaongea, mapigo yapo, huyo ni njano. Kosa la pili ni kuwasahau wa kijani. Wapitie tena kila baada ya dakika 15, kwa sababu wengu lililopasuka huweza kumwacha mtu akitembea kwa muda kabla ya kuanguka.

3. Zuia damu inayomwagika. Hili hutangulia njia ya hewa pale damu inapobubujika.

Weka toniketi sm 5 hadi 8 juu ya kidonda, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe. Kaza mpaka damu ikome na mapigo ya chini yake yapotee. Ikiendelea kutoka, weka ya pili juu ya ya kwanza. Andika saa kwenye ngozi ya majeruhi, paji la uso likiwa bora zaidi, kwa kuwa karatasi hupotea njiani.

Aliyekatika juu ya kifundo cha mguu au kifundo cha mkono aliyefika na kisiki kikavu asikudanganye. Gurudumu huponda mishipa, nayo husinyaa na kuziba kwa muda. Ukishampa dripu na presha ikapanda, hufumuka, mara nyingi wakati kila mtu ameshageukia kwingine. Weka toniketi na uikaze hata kama hakuna tone.

Kidonda cha kinena au kwapa hakifungiki kwa toniketi. Jaza gozi ndani mpaka mwisho wa shimo, kisha kandamiza kwa mikono miwili kwa dakika 10 bila kuchungulia.

Lengo ni toniketi kutolewa au damu kufungwa thieta ndani ya saa 2. Ikiwa imekaa zaidi ya saa 6, usiilegeze wodini. Itolewe thieta tu. Ile desturi ya kuilegeza kila nusu saa "ili mguu upumue" iachwe. Inachofanya ni kumtoa mtu damu kidogo kidogo mpaka amalizike.

4. Njia ya hewa pamoja na shingo. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili mpaka shingo ifungwe kwa kola au vitu vya pembeni. Nyonya damu na meno yaliyovunjika, sukuma taya mbele bila kukunja shingo, toa oksijeni. Aliye na GCS (kipimo cha fahamu cha alama 3 hadi 15) ya 8 au chini anahitaji mpira wa koo kama kuna anayeujua; kama hayupo, mlaze ubavu kwa kumgeuza kama gogo. Aliyevunjika uso na anajitahidi kukaa ili damu isimpalie, mwache akae. Kumlaza chali kwa nguvu ni kumziba.

5. Kifua. Angalia, gusa, sikiliza pande zote mbili. Anayehema sana, upande mmoja hauna sauti, mapigo yanakwenda mbio na presha inashuka ana hewa iliyonaswa kwa shinikizo. Usisubiri eksirei. Ingiza sindano ndefu ya 14G kwenye nafasi ya tano ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Kanula fupi ya sm 5 mara nyingi haifiki kwa mtu mzima mnene; ikishindikana, pasua sm 3 hapo hapo na uingize kidole, kisha weka mpira wa kifua. Mpira ukitoa damu ml 1,500 mara moja, au ikaendelea kwa ml 200 kila saa kwa saa 2 hadi 4, mpigie daktari wa upasuaji sasa hivi.

6. Nyonga. Kila aliyegongwa akiwa amesimama, aliyebanwa kati ya behewa na jukwaa, na aliyekuwa kwenye bajaji au basi lililopigwa ubavuni kwenye makutano ya reli na barabara, mfunge nyonga kabla hujajua kama imevunjika. Shuka lililokunjwa upana wa sm 20 lipite usawa wa vifundo vya juu ya mapaja, si kiunoni. Kaza kwa watu wawili, funga, kisha funga magoti na vifundo vya miguu pamoja. Usiitikise nyonga "kuona kama inacheza". Donge la damu lililokwisha kuganda ndilo linalomlinda, na kutikisa hulivunja. Damu kwenye tundu la mkojo ikionekana, usiweke mpira wa mkojo mpaka mjuzi amwone.

7. Damu, TXA na dripu. Weka kanula mbili nene mikononi. Mikono yote ikiwa imeumia, ingia mfupani. Chukua sampuli ya kundi na hemoglobini, lakini usitulizwe na hemoglobini ya 12 ya dakika za mwanzo: anayevuja damu hubaki na kipimo kizuri mpaka maji yaingie mwilini.

TXA: g 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, kisha g 1 nyingine kwa saa 8. Kwa mtoto, mg 15 kwa kila kilo, isizidi g 1. Ianze ndani ya saa 3 tangu ajali. Baada ya saa 3 usiianze, kwani inaweza kuleta madhara.

Ambaye damu yake bado haijadhibitiwa mpe salaini ml 250 kwa mara moja, ukisimama pale mapigo ya kifundo cha mkono yanaporudi, na jumla isizidi lita 1 wakati unasubiri damu. Chupa nne za baridi humwongezea uvujaji. Damu nzima ya kundi O ianze bila kusubiri upatanisho kama hali ni mbaya: O hasi kwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa, O chanya kwa wanaume ikiwa hasi ni chache. Kila uniti 4, mpe kalsiamu glukoneti ml 10. Aliyeumia kichwa hahusiki na sheria hii ya kuacha presha ibaki chini. Kwake shikilia presha ya juu isishuke chini ya 110.

Ultrasaundi ya tumbo ikionyesha maji na presha ni ya chini, njia ni thieta. Huyo hapelekwi mkoani kutafuta CT.

8. Vua nguo zote, geuza mara moja, funika. Kata nguo, usizivute. Mgeuze kama gogo ukitazama mgongo, makalio na kisogo. Kokoto za reli hujificha humo. Kisha mablanketi. Mwili wa baridi hauwezi kugandisha damu, na Dodoma usiku wa Juni ni baridi ya kweli. Mjamzito wa zaidi ya wiki 20 muegemeze upande wa kushoto.

9. Maumivu. Ketamini mg 0.2 hadi 0.3 kwa kilo, polepole kwa dakika 10 hadi 15, au morfini mg 2 hadi 3 kwa mara moja, ukirudia mpaka atulie. Diklofenaki, ambayo ndiyo huvutwa kwanza kwenye droo, iache kabisa: inaumiza figo ambazo tayari ziko hatarini na inazuia damu kuganda.

10. Kidonda na kiungo kilichokatika. Piga picha moja nzuri, kisha funika kwa gozi yenye salaini. Picha hiyo inaepusha kidonda kufunuliwa na kila anayepita.

Dawa ya bakteria ndani ya saa ya kwanza: seftriaksoni g 2, na metronidazoli mg 500 kwa kidonda chenye udongo au kinyesi. Jentamisini iache kwa aliyesagika misuli. Pepopunda: chanjo ml 0.5, pamoja na kinga ya tayari (imunoglobulini) uniti 250 kwenye kiungo kingine kwa ambaye historia yake ya chanjo haijulikani.

Kidonda cha treni hubeba grisi, kutu, vipande vya mataruma na kinyesi cha njiani. Thieta, kioshwe kwa lita 9 kwa mkondo wa kawaida, si wa nguvu. Salaini ikiisha, maji safi yaliyochemshwa na kupozwa yanatosha. Nyama isiyotoa damu na isiyocheza ikibanwa ikatwe. Usikishone. Kirudiwe baada ya saa 48. Kisiki kilichoshonwa siku ya kwanza ili kionekane nadhifu hurudi na usaha au gesi chini ya ngozi.

Kiungo kilichokatika: suuza taka kubwa, kifunge kwa gozi yenye unyevu wa salaini, kitie mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mfuko huo uwekwe ndani ya chombo chenye maji na barafu. Barafu isiguse ngozi. Andika jina na saa. Kwa kweli kiungo kilichosagwa na gurudumu ni nadra kuungwa tena, lakini ngozi yake huweza kutumika, na familia nyingi hutaka kukizika. Usikitupe bila kumuuliza mwenyewe au ndugu, na andika ni nani aliyekipokea.

11. Misuli iliyosagika. Hapa ndipo watu hupotea siku ya pili, baada ya zamu ya kwanza kupeana pongezi. Misuli iliyobanwa kwa saa kadhaa humwaga potasiamu na rangi nyekundu inayoziba figo. Dalili: mguu uliovimba na mgumu, mkojo wa rangi ya chai nzito, mapigo yasiyo na mpangilio.

Damu ikishadhibitiwa, mpe salaini lita 1 kwa saa kwa saa 2 za kwanza, kisha ml 500 kwa saa. Mtoto ml 15 hadi 20 kwa kilo kwa saa, kisha 10. Ringer laktati ina potasiamu, iache. Weka mpira wa mkojo na utafute mkojo wa ml 200 hadi 300 kwa saa kwa mtu mzima. Sikiliza mapafu kila saa. Mkojo usipotoka kabisa, punguza maji usije ukamzamisha.

Kipimo cha umeme wa moyo kikionyesha mawimbi ya T marefu yaliyochongoka, usisubiri maabara: kalsiamu glukoneti ml 10 kwa dakika 3 hadi 5, rudia baada ya dakika 5 kama hayajabadilika. Halafu insulini uniti 10 pamoja na glukosi ya 50% ml 50, na salbutamoli mg 10 hadi 20 ya kupumulia. Pima sukari kila saa kwa saa 6. Anayekwenda thieta, mwambie mtu wa usingizi asitumie suksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli).

Mguu mgumu kama ubao, unaouma kupita kiasi vidole vikinyooshwa, unahitaji utando wa misuli kupasuliwa ndani ya saa 6. Mapigo ya mguuni kuwepo hakukanushi tatizo hili.

12. Aliyepigwa na umeme wa njia. Tundu dogo la kuungua kwenye kiganja na jingine kwenye kisigino huficha misuli iliyopikwa katikati. Usikokotoe maji kwa ngozi iliyoungua peke yake. Anza na ml 4 kwa kilo kwa kila asilimia, ongeza ukifuata mkojo mpaka usafike. Kipimo cha umeme wa moyo ni lazima, na mtazame moyo kwa saa 24. Mara nyingi ameanguka pia kutoka juu ya behewa, kwa hiyo rudi hatua ya 4.

13. Rufaa. Piga simu kwanza, kisha gari. Barua iandike: saa ya ajali, saa ya toniketi, saa ya TXA, damu na maji aliyopewa, mkojo uliotoka, dawa. Tuma muuguzi anayejua kuweka mpira wa kifua upya ukitoka. Aliyeshuka presha kwa damu ya tumboni asafiri baada ya kufunguliwa tumbo na kujazwa gozi ndani, si kabla.

Kuhusu PF3: ni muhimu kwa sheria na kwa fidia, lakini haitangulii toniketi. Anza kuokoa, polisi ajaze fomu pembeni.

Ukiitwa kwenye tukio: aliyebanwa na behewa

Mtu aliyebanwa kati ya behewa na jukwaa, au kati ya behewa na behewa, anaweza kuongea, kutaja namba ya simu ya mkewe, hata kuomba maji. Kinachombana ndicho kinachozuia damu yake. Behewa likisogezwa ghafla, hufa ndani ya dakika chache, na wote waliokuwepo hushangaa.

1. Zuia mtu yeyote asisogeze treni mpaka wewe na msimamizi wa reli mkubaliane kwa sauti.
2. Kanula mbili na TXA. Salaini lita 1 kwa saa ianze akiwa bado amebanwa, ikiwa misuli imebanwa kwa zaidi ya saa moja na damu haimwagiki.
3. Shuka la nyonga lipitishwe tayari, bila kukazwa. Toniketi ziwe kwenye kila kiungo kilichobanwa, tayari kukazwa.
4. Damu iwe imefika, au iko njiani kwa saa inayojulikana.
5. Ketamini, oksijeni, kalsiamu ikiwa imevutwa kwenye bomba.
6. Hesabu kwa sauti, treni isogee, kaza vyote kwa pamoja, mtoe.

Kama ana cha kusema na yuko nduguye pale, wape dakika moja kabla ya hatua ya 6.

Waliofariki

Maiti hawaleti mlipuko wa magonjwa, kwa hiyo hakuna haja ya kunyunyizia klorini wala kuzika haraka kwa pamoja. Kinachoharibika haraka ni utambulisho.

1. Wenye kadi nyeusi wapimwe tena mara wekundu wakipungua. Thibitisha kifo kwa kusikiliza moyo na pumzi, na kutazama mboni.
2. Kila mwili namba yake pekee, kwa mfano DOM-001, ifungwe mwilini na nje ya mfuko. Kila kipande cha mwili kina namba yake. Usikilinganishe na mwili kwa kukisia.
3. Picha ukiwa na namba: mwili mzima, uso, nguo, makovu, vito.
4. Simu, pete na pesa ziandikwe mbele ya watu wawili, zitiwe mfuko wenye namba ile ile. Simu inayoita usiipokee kutangaza msiba. Andika namba inayopiga, umpe polisi.
5. Ndugu wasitembezwe mbele ya safu ya maiti. Waonyeshwe picha za uso uliosafishwa kwanza, na waulizwe kuhusu nguo, kovu, jino. Uso uliovimba huwachanganya hata wazazi. Tafuta uthibitisho wa pili, kama alama za vidole kupitia polisi.
6. Mwili unatoka kwa kibali cha polisi na kibali cha mazishi. Familia ya Kiislamu itataka kuzika kabla ya jua kuzama. Mweleze mzee wa familia mapema saa inayotarajiwa. Maneno hayo humtuliza kuliko kuambiwa "subirini".

Kwenye faili andika kilichoonekana: "amegongwa na treni". Sababu ya kuwepo relini ni kazi ya uchunguzi. Aliyenusurika, akishazinduka na akiwa peke yake nawe, muulize waziwazi kama alitaka kufa. Akikubali, asibaki bila mtu na apelekwe kwa huduma ya afya ya akili kabla ya kuruhusiwa. Dereva wa treni naye aandikishwe kama mgonjwa, hata akisema hana jeraha.

Mambo yakikwama

*Toniketi imekazwa lakini damu inachuruzika.* Huenda iko juu ya nguo nene au simu mfukoni. Kata nguo, weka ya pili juu yake. Damu ya polepole kutoka kwenye uboho wa mfupa haizuiwi na toniketi. Bandeji ya kukandamiza inatosha.

*Presha haipandi baada ya uniti mbili za damu.* Tafuta sehemu tano: kifua, tumbo, nyonga, mapaja, na sakafu chini ya kitanda. Kila mahali pakiwa patupu, fikiria hewa iliyonaswa kifuani, kisha jeraha la uti wa mgongo, hasa mapigo yakiwa ya taratibu na mikono ina joto.

*Benki ya damu imeisha.* Ita wachangiaji wa orodha, pima VVU, homa ya ini B na C na kaswende kwa vipimo vya haraka, na toa damu mbichi nzima ya ml 450. Sambamba na hilo, mpeleke thieta. Anayevuja ndani hafungwi kwa damu ya chupa.

*Alikuwa anaongea vizuri, saa tatu baadaye amekuwa mkali na anatukana.* Usimpe diazepamu. Pima oksijeni, presha, sukari na mboni. Mboni moja ikiwa kubwa, inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, mpe manitoli g 0.5 hadi 1 kwa kilo kama presha inaruhusu, mpigie bingwa wa upasuaji.

*Mkojo mweusi umekoma kabisa licha ya maji.* Kagua kama mpira wa mkojo umeziba kwa donge. Kama sivyo, acha kusukuma maji, pima potasiamu kila saa 4 hadi 6, na panga apelekwe kunakosafishwa damu leo, si kesho asubuhi.

*Ndugu wamejaa mlangoni na kazi haiendi.* Mteue mtumishi mmoja, mwenye sauti, asiye na kazi ya tiba, atoe taarifa nje kila nusu saa hata kama hakuna jipya. Majina yasomwe na yeye peke yake, kutoka kwenye daftari moja.

*Idadi ya majeruhi kwenye daftari hailingani na ya polisi.* Kwa kawaida wa kijani waliondoka na bodaboda bila kuaga, au mtu mmoja ameandikwa mara mbili kwa jina la baba na jina la babu. Linganisha kwa namba za kadi, siyo kwa majina.